Mazoezi Ndani ya Mahakama ya Zamani

Makambako, 14 Juni 1957

Kaka Lukas,

Kamwene. Mama ameshavuna ulezi, na kifua chake sasa ni afadhali.

Tulipewa ile mahakama ya zamani tufanyie mazoezi ya mchezo wetu wa kuigiza. Tulifukuza popo, tukakandika kuta. Juzi askari wawili wakaingia, mmoja akasema:

"Huu ni mkutano wa siasa."

"Ni mchezo, afande," nikamjibu.

"Basi chezeni tuone."

Tukacheza. Mchumba wangu Alois, anayeigiza hakimu, alipomwachia huru mkulima aliyekataa kazi ya lazima ya barabara, wakamfunga pingu Alois mwenyewe. Yuko rumande Njombe. Mama hajui.

Wenzangu wanataka tuache. Nimewaambia waje kesho kama kawaida. Hakimu nitakuwa mimi.

Dada yako,
Hulda