Seli Zilizongoja Tangu Saa Nne

Papa,

Watu wameanza kufika, na mimi nimejifungia chumbani mwako kama mutoto aliyevunja sahani. Leo tunamaliza matanga yako. Maman ameniita mara tatu nikamenye ndizi, nimeitika mara tatu, na siendi. Ninaandikia juu ya goti. Mwandiko ukiwa mubaya usinikate alama, wewe na ualimu wako!

Asubuhi ile ulirudi kutoka kwa Papa Déo, rafiki yako wa ng'ambo ya barabara hapa Nyalukemba, ulikokwenda kunywa chai. Ulikaa, ukataka kuniita, ukasema "Fura..." na Furaha haikumalizika. Mudomo ukaenda upande, mukono wa kuume ukaanguka pajani. Maman akapiga kelele: "Karuho! Wamemulisha karuho!" Ile sumu ya jirani mwenye wivu, tunayoiogopa huku kuliko risasi. Hapohapo akamupigia kaka yako, Baba mukubwa, kule Luvungi. Sauti yake ikajaa sebule nzima: "Musimupeleke hospitali! Mutu wa karuho akidungwa sindano, amekwisha. Mumupe maziwa, ninakuja na dawa."

Nilikuwa pale. Mwaka wa tatu wa medsini, daktari wako wa kesho, Papa, na nilikuwa pale! Nilisema mara moja, tena kwa sauti ya chini: "Baba mukubwa, hii inafanana na kiharusi, ugonjwa wa mushipa wa kichwa." Akajibu: "Mutoto wa jana atatufundisha?" Basi. Nikaenda jikoni nikapasha maziwa. Ukapaliwa. Nikakufuta kidevu, nikakunywesha tena.

Unakumbuka ulivyonisumbua na mitihani yangu? Kifaransa hukukitaka. "Kama huwezi kunieleza kwa Kiswahili, hujaelewa, umekariri tu." Bon, siku moja tukichambua sambaza, vile visamaki vya ziwa, barazani, nikakueleza. Seli za ubongo hazina akiba. Damu ikikatika, zile za katikati zinakufa ndani ya dakika chache: chumvi inaziingia, zinavimba, zinapasuka, na uchafu wake unawaumiza majirani. Lakini pembeni kuna nyingine zinazopata damu kidogo kidogo kwa mishipa midogo. Hizo zinaacha kazi. Haziongei, hazinyanyui mukono, ila ziko hai. Zinajibana saa nyingi hivyo, zikingoja damu irudi. Ukauliza: "Na isiporudi?" Nikasema zinachoka, zinakufa moja moja, na nyingine zinajizima zenyewe. Ukatikisa kichwa: "Masikini! Na hakuna wa kuziambia kama gari liko njiani." Nilicheka sana, mwalimu muzima kuhurumia seli.

Kumbe nilikuwa ninakueleza siku yako. Tangu saa nne asubuhi mpaka saa kumi na moja jioni tulimungoja Baba mukubwa, na macho yako yalinifuata kila nilikopita. Ulikuwa bado unanijua. Hilo ndilo linanizungusha, Papa, nikila, nikiwa darasani, nikisuka nywele: mule kichwani mwako zilikuwamo seli zilizo hai, zinangoja, na mimi niliyefundishwa habari zake ninakoroga maziwa.

Dawa ya Baba mukubwa haikusaidia, na usiku ndipo tulipokupeleka hospitali. Daktari alisema mushipa ulikuwa umeziba. Akasema: "Mungemuleta asubuhi, pengine..." Siku ya tatu ukaondoka. Nyumbani wakasema wazungu na vitabu vyao hawajui karuho.

Sasa sikia kilichofuata. Kwa ile chai yake, Papa Déo hasalimiwi na mutu. Mukewe akienda bombani, wanawake wanafunika ndoo. Vijana wameandika "muchawi" kwenye mulango wake. Yeye, aliyekuazima koti siku ya harusi yako! Anataka kuhama na hajui aende wapi. Na mimi nilikuwa ninamupita nikijifanya ninatazama simu.

Nilipaswa kusema siku ya kwanza. Lakini kusema yeye hana kosa ni kusema kosa liko kwetu: kwa Baba mukubwa, ambaye bado analia akitaja jina lako, kwa Maman, na kwangu zaidi, maana wao hawakujua. Mimi nilijua. Siwezi kuapa kwamba ungepona, hakuna anayeweza. Lakini ungekuwa na nafasi, na chai ile ilikuwa chai tu.

Jana nilivuka barabara nikapiga hodi. "Papa Déo, kesho ukuje ukae na sisi." Akachungulia barabarani nyuma yangu. "Binti yangu, wataniua." Nikamwambia, njoo, nitakuwepo. Ulimi hauna mufupa! Leo ndiye mimi huyu, mulango nimeufunga kwa ufunguo.

Na amekuja, Papa. Ninamuona dirishani, amevaa koti lake la kanisa, amekaa mwisho kabisa. Viti vya karibu naye vimebaki vitupu. Maman ameacha kuniita. Ninasikia sauti ya Baba mukubwa: "Nani amemuita huyu hapa?"

Lala salama, Papa wangu. Wewe nitakuomba musamaha baadaye, kwanza Papa Déo. Ninakuahidi nitasema yote mbele yao wote, nikianza na langu. Baba mukubwa anauliza tena, anapiga kelele sasa. Ninatoka kumujibu.