Nywele za Mwamini Zimeota

Muganza, Rusizi

Mama yangu,

Nakusalimu, wewe uliyenibeba, na kabla ya lolote nakuuliza juu ya goti lako. Bado linavimba ukitoka shambani? Na yule mbuzi wa Sadiki aliyekuwa na mimba, amezaa? Sisi huku tunaishi. Mjukuu wako Amani ameota meno yote ya mbele na anamwita papa kila mwanamume anayepita jioni, kwa sababu kwenye mtaa huu wa wachimba mawe wote tunarudi nyumbani na rangi moja ya vumbi.

Mama, najua wewe hukusoma. Najua pia kwamba anayesoma nyumbani ni dada yangu Feza. Yeye ndiye aliyeandika ile barua yako niliyoletewa na dereva wa lori la saruji, na yeye ndiye anayekusomea hii. Ni vizuri. Nimetaka iwe hivyo. Simu nimeiacha makusudi, maana simu iko mkononi mwa Feza na kidole chake kinajua pa kukata. Dada, soma kwa sauti, na usiruke mstari. Dereva nimemwomba akae hapo hapo hadi mwisho. Nimeshamsomea yote mara mbili, na ana kichwa kizuri.

Mnaniambia kwamba kiangazi kikiisha mtajenga kaburi la Baba. Mnataka nije na mifuko sita ya saruji, kwa sababu ninafanya kazi pale saruji inapotoka. Na mnasema mke wangu, kama ni lazima aje, afunge kitambaa mpaka shingoni, asiamshe maneno. Neno hilo la kitambaa nalijua ni la nani. Wewe Mama ungeuliza kwanza kama mjukuu anatembea.

Basi nikumbushe jinsi maneno yenyewe yalivyoanza, maana aliyeyaanzisha labda ameyasahau.

Baba alipokufa, wanawake wote wa nyumba walinyolewa, kama tunavyofanya kwetu. Feza ndiye aliyeshika wembe. Mke wangu Mwamini alikaa mbele yake akimnyonyesha Amani, ambaye hakuwa na miezi mitano. Nywele za wengine zilirudi. Siku ya kuondoa matanga wengine walikuwa wameshaanza kuchana. Za Mwamini zilirudi nusu, kavu kama nyasi za paa, na hata hizo zilizorudi zikaanza kubaki kwenye chanuo. Ndipo Feza akasimama kwenye bomba la maji, wanawake wakiwa na ndoo zao, akasema:

"Muangalie bizuri. Kila muntu, Muzee amemurudishia nywele yake. Huyu amemukatalia. Mujiulize ni juu ya nini."

Mmoja akacheka. "Eh Feza, nywele inasemaka?"

"Inasema kuliko mudomo."

Dada, sauti imekupotea? Soma. Ni maneno yako, sikuyaongeza.

Wiki mbili hazikupita, watoto wa jirani walikuwa wanajua kwamba mke wangu alimwua baba yangu. Mjomba akasema nimrudishe kwao. Wewe Mama uliangalia chini. Sitakuuliza sababu leo, nimechoka na ninakupenda. Lakini nilikuona ukiangalia chini. Nikamchukua mke na mtoto, tukapanda lori hadi Uvira, kisha Kamanyola, kisha tukavuka mpaka wa nchi kuja huku. Toka siku ile ninapasua mawe ya chokaa na kuyapakia.

Sasa sikilizeni habari ya nywele.

Huku bondeni Bugarama ni joto sana. Mchana jasho linaingia mpaka machoni. Lakini Mwamini alikuwa anaomba koti langu la kazi, analala nalo. Uso wake ukavimba, sauti ikawa nzito kama ya mwanamume. Alikuwa anasinzia akichambua mchele. Nakuungamia, Mama, nilimwita mvivu. Nilitoka kazini nikiwa nimekufa kwa uchovu, nikakuta moto haujawashwa, nikasema maneno ambayo siwezi kuyaandika. Yeye alijibu tu, "Papa Amani, mwili hautaki."

Kwa nywele tulijaribu kila kitu. Mafuta ya mbarika, maji ya kitunguu, parachichi. Msusi mmoja wa sokoni akamwuzia kopo la pomadi, akasema ni ya Kinshasa, na akamshonea nywele za bandia kwa kuzikaza. Zilipotolewa zikatoka na zake. Paji la uso likapanda hadi katikati ya kichwa.

Aliyeona ukweli ni muuguzi wa kituo cha afya, mama mmoja mfupi mwenye kelele. Tulikuwa tumempeleka Amani kupata chanjo. Akamaliza na mtoto, akabaki kumtazama mama yake.

"Mama, nyusi yako imeenda wapi?"

Mwamini akashika juu ya jicho. Ni kweli, nyusi zilikuwa zimekatika katikati, upande wa nje hakuna kitu. Mimi mume wake sikuwa nimeona. Muuguzi akamshika shingo, akamwambia ameze maji huku yeye ameweka vidole, kisha akatuandikia karatasi ya kwenda hospitali kupimwa damu.

Jibu la damu likasema ni tezi. Kuna tezi ndogo mbele ya koo, madaktari wanaiita tiroidi. Hiyo ndiyo inauambia mwili ufanye kazi. Ya Mwamini ilikuwa imelala. Ikilala, mtu anasikia baridi kwenye joto, anavimba, anachoka bila kubeba kitu, na nywele zinakauka na kuanguka. Daktari alisema kwa wanawake wengine inaanza hivyo baada ya kuzaa. Mimi nikamwuliza kama wembe wa matanga unaweza kuleta ugonjwa huo. Akaweka kalamu chini.

"Papa, wembe haufiki kwenye tezi."

Rudia hapo, dada. Wembe haufiki kwenye tezi. Na mkono wa marehemu haufiki pia.

Alipewa kidonge kidogo sana, cha kumeza kila siku. Na hapo, Mama, kosa likawa langu. Kwetu tumekuzwa kwamba dawa haimezwi na njaa, inachoma tumbo. Na watu huku waliniambia soya inajenga nywele. Basi nilikuwa naamka mapema kabla ya zamu, napika mwenyewe uji wa soya, mzito, nampelekea kitandani pamoja na kidonge. Nilijiona mume mzuri kuliko wote wa Muganza. Wiki zikapita, chanuo bado linajaa, koti bado halimtoki mwilini. Nikaanza kufikiri, na ninaona haya kuandika hili, kwamba labda Feza alisema kweli.

Tukarudi kupima. Damu bado mbaya. Yule muuguzi akaniuliza, "Unamukunywisha dawa namna gani?"

Nikamweleza habari ya uji, nimeinua kifua.

"Uji ya soya! Papa, na mukono moja unamupa, na mukono ingine unamunyanganya!" Akawaita wenzake waje kumwona mwanamume anayepigana na kidonge. Walicheka, Mwamini naye akacheka, mara ya kwanza toka tuvuke. Wakanifundisha: anywe asubuhi akiwa na njaa, kwa maji matupu, akae saa moja bila kula, na uji wa soya uende mbali, saa nyingine kabisa. Wakamwambia pia asisuke kwa kukaza wala kushonea, na aache pomadi, kwani kidonge kinaponya mwili kwanza, nywele zinafuata nyuma polepole.

Zilifuata polepole kweli. Kwanza baridi iliisha. Siku moja nikakuta koti langu limefuliwa, liko kwenye kamba. Halafu sauti yake ikarudi. Halafu nyusi. Nywele zilichelewa miezi, na zilipotoka zilikuwa laini kama za mtoto, kwenye paji la uso kwanza. Jumapili ananiambia nikae nyuma yake na chanuo nihesabu zilizoanguka. Nahesabu. Zamani nilikuwa naacha katikati, hesabu yangu ya darasa la tano haikufika. Sasa zinaisha kabla vidole vya mikono havijaisha. Kidonge ataendelea nacho, pengine maisha yote, na damu atapimwa tena. Hilo tumelikubali.

Kwa hiyo zimeota. Nataka kila mtu aliyekuwa kwenye bomba asikie: zimeota, na marehemu hakuulizwa.

Mama, utasema, basi mwanangu, kama amepona, acha. Siachi. Nikiinua nyundo asubuhi, jiwe la kwanza nalipa jina la dada yangu, na la pili pia. Msimamizi anadhani nina bidii. Mtoto wangu alijifunza kutembea kwenye nyumba ya kupanga, hajui uwanja wa babu yake. Mimi sikumwona Baba akimaliza mwaka kaburini. Kwa nini? Kwa sababu ya neno moja la kujifurahisha kwenye bomba la maji. Mnataka saruji yangu, lakini kichwa cha mke wangu mnataka kifunikwe. Hapana. Kuna sharti.

Sharti nililoandika kwanza lilikuwa hili: Mwamini atakuja kichwa wazi, na Feza atakaa kwenye kigoda uwanjani, mbele ya wanawake wote, amsuke kwa vidole vyake tangu mchana hadi jua lishuke. Mkono ulioshika wembe uguse kila unywele. Nililiandika nikalifurahia, nikamsomea Mwamini. Alikuwa anatoa mawe kwenye mchele.

"Papa Amani," akasema, "ni kichwa ya nani hiyo unaandika?"

"Yako."

"Basi usigawe. Muganga wa kituo amesema nisisuke kwa kukaza, na wewe unaniletea vidole bya Feza? Atabivuta byote. Hasira yako ni kubwa, lakini haina akili."

Nikamwuliza, wewe hutaki kitu? Umesamehe?

"Mimi?" Akaweka ungo chini. "Nywele ni nini? Hata mbuzi iko nayo. Wewe siku ile ulienda kutafuta lori. Nilitwanga majani ya muhogo, nikapika sombe, niseme kwaheri kwa batoto ba nyumba. Feza akainua kifuniko, akanusa, akachukua sufuria yote akamwagia bata. Batoto banaangalia, bako na sahani mu mikono. Bata bakakula, bakashiba, na hakuna hata moja alikufa. Na hakuna muntu aliniambia: Mwamini, bata ni bazima."

Mama, sikuwa najua. Muda wote huu alikuwa nalo, na mimi nahesabu nywele. Nilitoka nje nikasimama karibu na barabara hadi malori matatu yakapita, ndipo nikaweza kurudi kushika kalamu. Wewe ulikuwepo siku hiyo. Hili nalo sikuulizi, ila usiangalie chini tena.

Basi sharti hilo la kwanza nimelifuta, lisihesabiwe. Hili hapa ndilo la Mwamini, nimeliandika kama anavyolisema.

Siku ya kaburi, kabla mtu hajashika mwiko wa saruji, yeye atapika sombe uwanjani. Hatabeba chakula chochote kutoka huku. Atapika kwenye sufuria yenu, kwa chumvi yenu, na maji atachota Feza mwenyewe. Watoto watakaa mbele waone. Sahani ya kwanza itakuwa ya Feza. Atakula yote, Mwamini akimtazama, na akimaliza atasema kwa sauti ya kwenye bomba: "Nimekula kwa Mwamini." Hakuna kuonja kwa ncha ya kidole. Hakuna kusema "tumbo linaniuma". Asipokula, mifuko sita itabaki huku, na mimi nitabaki nayo, na Baba atanisamehe kwa sababu alimpenda mkwe wake kuliko nyinyi nyote.

Mimi nitakuwa nimekaa mbele ya dada yangu. Nataka kuona koo lake likishuka na kupanda. Nataka aogope kila tonge, kisha asife. Aamke kesho yake mzima, na keshokutwa mzima, na aishi miaka mingi akijua kwamba hakukuwa na kitu kwenye ile sufuria.

Msalimie Sadiki mdogo wangu, mwambie nimeona fundi huku anayetengeneza redio, asiuze ya Baba. Msalimie mjomba, ingawa alisema alichosema. Yeye akija ale sahani ya pili. Msalimie shangazi mdogo aliyetupa mkeka na biskuti za mtoto asubuhi ya kuondoka. Ni yeye tu aliyemshika Mwamini mkono, na Mwamini hutaja jina lake akiomba. Wewe Mama pakaa goti mafuta ya moto, na usibebe maji. Amani anajua kusema "koko". Nimemfundisha kwamba koko ni wewe, bibi yake.

Feza, umesoma vizuri. Salamu sikuandikii. Nakuomba jambo moja tu: siku hiyo usile kitu asubuhi. Njoo na njaa.

Mtoto wako, Mama,
Kashindi, mume wa Mwamini