Uzi wa Nne wa Babu Yako

Mume wangu mdogo, wewe uliyepewa jina la babu yako,

Huku Karatina tuko salama, na ng'ombe amezaa. Umeniuliza uchague nyuzi gani za gitaa lako la besi.

Baba yako akiwa mgongoni mwangu, uzi mnene wa gitaa la babu yako la nyuzi nne ulikatika akipiga harusini. Ati akafunga waya wa breki ya baiskeli! Ukanguruma peke yake, zile nyingine tatu zisisikike, na shingo ya gitaa ikaanza kupinda.

Nikamwuliza, "Baba Wachira, hilo ni gitaa au upinde?"

Akacheka, akautoa ule waya. Akapiga zile tatu polepole, zikiitikiana, mpaka baba yako akalala.

Basi ukichagua, bonyeza kila uzi kwa kidole. Mnene na mwembamba, zote zikusukume kwa nguvu sawa.

Gitaa lake lingali ukutani na nyuzi tatu. Ukija, leta wa nne.

Nyanya yako, Cucu