Karibu ya Njiani

Jumatatu, 3 Juni

Leo Emre kanivunja mbavu! Mpangaji wangu huyu Mturuki anajifunza Kiindonesia kwangu, jikoni, huku nikikaanga tempe, vipande vya soya. Maneno anayo. Adabu yetu Wajava ndiyo inampiga chenga. Kapita kwa jirani, Mama Harjo, naye akiwa anafagia uwanja kamwambia, "Karibu ndani, mwanangu!" Basi — kaingia! Kavua viatu, kaketi. Maskini Mama Harjo, ufagio mkononi, nyumbani hana hata ndizi ya kumpa. Mgeni kakaa mpaka adhana ya magharibi.

Nimemwambia hiyo ni karibu ya njiani. Unashukuru, unasema siku nyingine, unapita zako.

"Sasa ya kweli nitaijuaje, Mama?"

Nikamwambia utazoea tu.

Alhamisi, 6 Juni

Kumbe anamtaka Sekar, binti yangu! Na Sekar anamtaka. Nimefurahi — kisha nimeogopa. Uturuki si mji wa Solo, kwamba nitapanda treni asubuhi jioni nimerudi. Baba yake Sekar ni marehemu, kwa hiyo walii wa kumwozesha ni kaka wa marehemu, Shemeji Suroto. Nimemwambia Emre aende kwake kuposa.

Jumamosi, 8 Juni

Karudi anang'aa. "Amekubali, Mama! Ametabasamu, kasema tutalitazama polepole, na nije tena wakati wowote."

Mungu wangu. Kwetu hiyo ni hapana, tena hapana yenye kufuli! Sekar kainamisha kichwa. Na mimi, mwalimu mzima? Nikasema, "Alhamdulillah." Mjava ni Mjava. Hapana hainitoki mdomoni.

Jumatano, 12 Juni

Kaambiwa wakati wowote — basi yuko kwa shemeji kila jioni! Anamimina chai, anasafisha vizimba vya ndege. Shemeji kumfukuza hawezi, ataona haya. Mama Harjo anasema mzee akisikia pikipiki ya Emre tu, anajifungia chooni. Nimecheka peke yangu sokoni, watu wakanitazama.

Ijumaa, 14 Juni

Shemeji kaja mwenyewe, kaketi barazani. Kazunguka weee — joto, bei ya mchele, ndege. Mwisho kasema, "Yule kijana, shemeji... labda umweleze."

"Nimweleze nini, shemeji?"

Kasema tu ndege wake siku hizi wanaimba vizuri, vizimba visafi.

Mara Emre huyo, anapita kwenda chumbani kwake. Shemeji, mazoea yana taabu, kaita: "Karibu, kijana!"

Emre kasimama. Somo kalishika, jamani! Mkono kifuani, kashukuru, kasema siku nyingine. Lakini hakuondoka. Kanitazama mimi. Sekar naye, mlangoni, kanitazama.

Mdomo wangu huu, umri wote haujui kusema jambo waziwazi. Nikasema, "Ingia, mwanangu. Hii ni ya kweli."

Sasa niko jikoni, maji ya chai yako motoni. Barazani namsikia shemeji anasogea kwenye mkeka, Emre apate pa kuketi.