Helmeti Nyekundu na Mkono wa Koko

Jumapili, mwezi wa saba. Baridi ya kukata masikio. Mlima Meru umejifunika mawingu tangu asubuhi, na mimi nina hasira tangu saa tano.

Naandika nikiwa kwenye stationery ninakofanya kazi. Leo tumefunga, ufunguo ninao, kompyuta haina foleni. Nyumbani Kaloleni sijataka kwenda kwanza, maana mama angenitazama usoni mara moja tu akaanza kuuliza.

Kwa ambaye hajawahi kupita kwenye blogu yangu hii: kila Jumapili mimi, Loserian na Daudi tunapanda Olmotonyi na baiskeli zetu za tairi moja, tunaendesha kwenye njia za miguu kati ya msitu na mashamba. Yangu ilitoka kwenye kontena la mitumba. Zao alizichomelea fundi mmoja wa Ngarenaro kwa vipande vya baiskeli za Kichina. Tumeshazoea kuulizwa kama tairi la mbele limeibiwa, au kama dukani walituuzia nusu. Hayo siku hizi tunayacheka.

Leo hatukucheka.

Tumekuta njia imefungwa kwa miiba. Miiba iliyokatwa kwa panga na kupangwa vizuri, kama ya kuzuia ng'ombe. Nyuma yake amesimama Baba Meshaki, mwenyeji wa pale, suti ya kanisani bado iko mwilini, na watoto kama kumi wamejipanga kuangalia. Tukamwamkia. Shikamoo zote tatu hakuzijibu.

"Jumapili iliyopita mmoja wenu alimpita mama yangu kama anapita kisiki," akasema. Akanyoosha kidole kwenye helmeti nyekundu iliyokuwa kichwani kwa Loserian. "Huyu! Na ni mwalimu! Watoto wetu unawafundisha nini, mwalimu? Siku hizi kila kitu ruksa, eh? Kumpita mkubwa bila salamu, hapa kwetu si ruksa."

Loserian anafundisha shule ya msingi ya pale pale. Nusu ya wale watoto ni wa darasa lake. Mmoja alijiziba mdomo kwa mkono, mabega yakamcheza.

Mama yake Baba Meshaki tunamwita Koko, yaani bibi, kama wanavyomwita wote wa pale. Njia inapita mlangoni kwake, katikati ya kahawa yake na migomba yake. Tulipoanza kupita alituruhusu kwa sharti moja. "Piteni," alisema, "lakini mimi si mti." Maana yake ukifika kwake unashuka, unainamisha kichwa, anakigusa kwa kiganja, ndipo unaendelea. Tumefanya hivyo Jumapili zote.

Sasa nisikilizeni. Pikipiki zinapita mbele ya Koko zinamtimulia vumbi, hakuna anayekata miiba. Magari ya watalii yanasimama, mtu anatoa kamera dirishani, anampiga picha akiwa anachambua maharage, anapungia mkono, anaondoka. Hilo halina kesi. Tunaopita kwa nguvu ya magoti yetu, tusio na moshi wala kelele, sisi ndio wa kufungiwa njia! Na kwa nini Baba Meshaki asimwite Loserian pembeni, mtu mzima kwa mtu mzima? Kwa nini mbele ya wanafunzi wake? Hiyo nayo ni adabu?

Daudi akataka kubisha. Loserian akamshika mkono. Akaniangalia mara moja, akaangalia chini, akavua helmeti. "Nisamehe, baba."

Hukumu ikatoka pale pale. Jumapili ijayo aje na baba yake mzazi kuomba radhi, na ile njia tuisahau. Baba yake Loserian tangu mwanzo anasema mwalimu mzima kukaa juu ya tairi moja ni kutafuta kuchekwa. Sasa kapewa ushahidi.

Nimeshuka mlima huku nikitukana kimoyomoyo. Nimefika hapa, nimewasha kompyuta, nimeandika yote hayo juu. Kisha nimeyasoma.

Hayana mashiko.

Aliyempita Koko ni mimi.

Helmeti tunazo mbili kwa watu watatu. Anayetangulia ndiye anavaa nyekundu, na Jumapili iliyopita nilitangulia mimi. Suruali, jaketi la baridi, helmeti hadi kwenye nyusi: macho ya Koko yangejuaje kwamba ni mimi msichana, si kijana wao?

Kuna kilima kinachoanzia kijitoni na kupita mlangoni kwake. Kifupi, lakini kikali, mizizi imekatiza njia, na udongo ni ule mweusi unaokimbia chini ya tairi. Baiskeli hizi pedeli zimeungana na tairi moja kwa moja, ukiacha kukanyaga umeanguka. Hakuna kati yetu aliyewahi kukimaliza. Sote tunadondoka katikati, tunasukuma, tunafika kwa Koko tukiwa tayari kwa miguu. Hapo ndipo leo nimeshituka. Adabu yetu yote ile haikuwahi kutugharimu kitu. Tulikuwa tunamsalimia kwa sababu kilima kilikuwa kimeshatushusha.

Jumapili iliyopita hakikunishusha.

Nilishika kiti kwa mkono mmoja, nikasimama juu ya pedeli, nikakanyaga nusu mzunguko, nusu mzunguko. Mzizi wa kwanza, wa pili, ule mnene. Nikaona paa la Koko. Nikamwona mwenyewe kwenye kigoda, ungo mapajani. Alinisikia nikihema akainua mkono, kiganja kimefunguka, kinasubiri kichwa.

Niliuona ule mkono. Ningependa kuandika kwamba sikuuona. Nilijua nikishuka, kilima hakijaisha, maana kinaishia hatua chache mbele, kwenye pipa lake la maji. Nikapita. Mkono ukabaki hewani.

Nilipofika kwenye pipa nilianguka kwa furaha, nikajifunika mdomo nisipige kelele. Kugeuka, Koko ameshaingia ndani. Daudi na Loserian walichelewa kule chini, bolti ya kiti cha Daudi ilikuwa imelegea. Walipofika niliwaambia nimesukuma kama kawaida. Kitu kikubwa kuliko vyote nilivyowahi kufanya na haya magoti, nikakimeza, maana swali la pili lingekuwa: na Koko je?

Leo mbele ya miiba nilikuwa na sentensi moja tu ya kusema. Ni mimi, baba. Maneno matatu! Badala yake nikasimama pale nimekunja sura, nina hasira na Baba Meshaki, na pikipiki, na watalii, na hata Loserian. Ndiyo, na yeye. Nani alimtuma abebe kosa langu? Anajua vizuri helmeti ilikuwa kichwani kwa nani. Angeninyooshea kidole ningekuwa na wa kugombana naye. Ameninyima hata hilo.

Nilipofika hapa kwenye aya, simu imelia. Meseji ya Loserian. Nimeifungua nikijua nimestahili chochote kitakachoandikwa.

"Zu, niambie ukweli. Kilima ulikimaliza?"

Basi. Hakuna lingine. Hasira yote imenishuka ikahamia kwangu mwenyewe, na hapa ndipo ilipotakiwa kuwa tangu saa tano.

Nimemjibu: "Nilikimaliza. Kesho mapema niachie helmeti nyekundu hapa stationery kabla hujapanda shuleni."

Kesho nitaomba ruhusa kazini. Nitapanda kwa miguu, helmeti kichwani ili wote wanaojua wanione, na nitapita shuleni saa ya mapumziko, watoto wakiwa nje. Nikifika kwenye miiba nitamwita Baba Meshaki, niseme maneno yangu matatu. Nikifika kwa Koko nitaivua, nitainamisha kichwa na kusubiri.

Na asipoinua mkono, nitasubiri hivyo hivyo. Mkono wake nao ulibaki hewani, ukinisubiri.