Mkono wa Mghoi

Al Wukair, Doha
Jumatano, baada ya kazi

Baba Mghoi,

Nakusalimu kwa sababu nililelewa katika nyumba yenye adabu, si kwa sababu umestahili salamu. U hali gani? Mgongo umepoa, au bado unaamka ukiushikilia? Mama je, miguu yake imepungua kuvimba? Mimi ni mzima, Mungu ashukuriwe, ila kwa hasira niliyo nayo tangu Jumatatu sijui kama huku nako ni kuwa mzima.

Najua utauliza kwa nini karatasi na simu ipo. Nimekupigia mara ngapi? Kila nikilifikia jambo lenyewe mtandao wako unaugua. "Haloo, haloo, Mama Mghoi, sikusikii," kisha kimya. Nikikutumia sauti unaipeleka hotelini ikachezwe mbele ya watu. Kwa hiyo barua hii nampa Peris, ambaye anaondoka kesho kwa likizo na Jumamosi atakuwa Voi. Nimemwambia akukabidhi mkononi na asiondoke mpaka uisome yote. Peris unamjua, ni mkaidi kunishinda mimi. Usijaribu kumtuliza na chai.

Jambo lenyewe ni hili, nalisema mapema usije ukasinzia kabla hujafika. Mghoi hatarusha mpira Jumapili mnaporudiana na Mariakani. Hatarusha zamu tano, hatarusha zamu mbili, hatarusha hata ule wa kupasha mwili joto. Umenisikia. Sasa endelea kusoma.

Huku joto ni la kutukanana na mtu. Ukitoka nje ya kempu tunamolala saa kumi na moja alfajiri tayari miwani inapata ukungu. Hoteli ninayofanyia usafi imejaa, vyumba nilivyopewa wiki hii vimeongezwa na wasaidizi wamepunguzwa, na msimamizi wetu, yule mama wa Kizungu cha puani, anapitisha kidole juu ya fremu za picha akitafuta vumbi kama aliyedondosha pete. Ningekuwa na hasira za kutosha kwake pia ningemwambia, lakini zote nimekuwekea wewe.

Jumatatu nilimpigia Mghoi kwa video. Alikuwa anakunywa chai kwa mkono wa kushoto. Nikamwambia, badilisha mkono nione. Akasema uko sawa. Nikamwambia, mimi ndiye niliyekuzaa, badilisha. Akaleta ule wa kulia polepole, kiwiko kimejipinda, hakinyooki. Nikamwambia anyooshe. Akajaribu, akauma mdomo, na kikombe nikakisikia kikigonga meza. Hawezi kuchana nywele. Hawezi kuandika, anaandikiwa notsi za darasani na rafiki yake. Yote hayo wewe ulikuwa unayajua, na nilipokuuliza wiki iliyopita uliniambia nini? "Amechoka tu, nimemkanda." Baba Mghoi, kitambaa cha maji ya moto kinakanda uchovu. Hakikandi kiwiko kilichoharibika.

Halafu nasikia umeongea na yule wa duka la dawa amdunge sindano ya maumivu Jumapili asubuhi ili asisikie kitu mpaka mechi iishe. Mtoto wa miaka kumi na sita. Ng'ombe wa kulimia ungemwonea huruma.

Najua jibu lako, umekuwa ukilitoa msimu mzima: "Sina wa kumpokea." Na hapo, nasema kweli ya Mungu, mwanzoni tulikuwa pamoja. Mimi niliyekuja kuujua mchezo huu wa besiboli kwa kuolewa na wewe, hata mimi najua kwamba mrushaji wa akiba ana kazi moja tu. Yule wa kwanza akichoka, aingie, arushe mipira ifike pale mdakaji alipoweka glavu, amalize, twende nyumbani. Ninyi mna wawili. Juma anaacha mechi zamu ya sita apeleke abiria wa bodaboda mjini, na akirudi anatoka jasho la barabara si la mchezo. Na Righa, ah, Righa.

Unaikumbuka mechi ya Mariakani. Sisi huku tulikuwa Muaither, chumbani kwa Peris, watu kumi na mmoja wa kwetu na Musoke, yule dereva Mganda wa basi letu la wafanyakazi, ambaye anaupenda mchezo huu kwa sababu aliucheza kwao utotoni. Simu tumeiegemeza kwenye chupa ya chai. Timu yetu, Mkonge, tunaongoza kwa mikimbio minne, imebaki zamu moja. Ukamtoa Mghoi, ukamwingiza Righa. Wapigaji wanne mfululizo akawarushia nje ya lengo mpaka wakatembea besi ya kwanza bila kutoka jasho. Wa tano akampiga mbavuni. Waliofuata wakapiga walivyotaka, tukafungwa kwa mkimbio mmoja. Peris aliirushia simu ndala, na simu ni yake.

Sasa sikiliza nilichokifanya, maana siwezi kukutukana wewe peke yako nikajiacha.

Unajua desturi yetu. Kwa kuwa jezi na glavu zilitoka huku, kila Jumatatu tunatuma sauti ya Doha, nanyi mnaicheza hotelini kwa spika, timu ikinywa chai. Jumatatu ile waliniambia, Mama Mghoi, wewe ndiye mwenye mdomo, sema. Nikasema. Nilimuuliza Righa kama mikono ile alizaliwa nayo au aliazima. Nikamwambia hata nyanya yangu aliyekufa angelenga vizuri zaidi kutoka alikolazwa. Nikamwambia akiiona glavu Jumapili aipite kama anavyompita mtu anayemdai. Chumba kizima kilicheka, nami nikajiona hodari. Wewe pia ulicheka. Ulinipigia jioni kuniambia hoteli nzima ilianguka chini, na Righa akaiacha chai yake mezani akatoka.

Akatoka, tukacheka. Hakuna aliyeuliza alikwenda wapi. Tangu siku ile hakuja mazoezini, na wewe kocha hukumfuata. Mimi ningekuwa kocha ningemfuata. Nasema hivyo, lakini mimi pia nina namba yake na sikumpigia.

Tukafika ile mechi ya Kibwezi. Hapo ndipo nataka ukae vizuri.

Zamu ya saba Mghoi aliushika mkono. Aliushika hapa, juu ya kiwiko, akautikisa. Mara ya kwanza nilidhani ni mbu. Mara ya pili Musoke akasimama.

"Nani anahesabu mipira ya huyu mtoto?" akauliza.

Hakuna aliyekuwa anahesabu. Sisi tunahesabu mikimbio.

"Mimi nimehesabu. Amepita mia. Nyinyi Wakenya muko na shida. Huyu mtoto iko na miaka ngapi?"

Peris akamwambia, "Musoke, zii, acha hizo. Huyo msichana ni chuma."

"Nyabo," akanigeukia mimi, maana ndivyo anavyowaita akina mama wote, akakunja mkono wa shati. "Angalia hii. Hii ni ya kurusha, kule Luweero, nilikuwa na miaka kumi na saba. Haikurudi. Kila siku unaniona naendesha basi na mkono imepinda, hujawahi uliza. Mkono ya mtoto haina spea."

Na mimi, Baba Mghoi, mimi mama wa mtoto, nilimwambia, "Wewe endesha basi lako. Timu si yako."

Akakaa. Napanda basi lake kila siku asubuhi na jioni, ananiambia habari za asubuhi kama kawaida, na siwezi kumtazama usoni.

Zamu ya nane wewe ukasimama. Nilikuona. Ulitazama benchi. Mwakio ndugu yako, aliyekuwa ameshika simu, aliigeuza na sisi tukaona unachokiona. Juma hayupo. Righa yupo, maana siku ile alikuja, lakini ameketi mwishoni kabisa, viatu amevua ameviweka kando kama mtu aliyefika kwake. Ulimwita. Akatikisa kichwa. Ni mwanamume wa miaka ishirini na sita aliyeogopa kupanda pale katikati kwa sababu alijua Jumatatu ingefika. Nilimwona akitikisa kichwa, na unajua nilifikiri nini? Nilifikiri, afadhali.

Kisha chumba chetu kikaanza kupiga kelele asitolewe, asitolewe, na sauti iliyokuwa juu ya zote ni yangu. Mwakio akainua simu juu akakuambia, "Kocha, Doha wanasema asitolewe." Nawe, mtu mzima mwenye filimbi shingoni, ukakaa chini. Ulikuwa umeshasimama. Kilichobaki ni kutembea hatua kumi uuchukue mpira mkononi mwa mwanao. Ukakaa kwa sababu ya kelele za watu walioko ng'ambo, ambao hawakuwa wanaona hata uso wake vizuri maana picha ilikuwa inakwamakwama.

Mlishinda. Huku tulicheza mpaka jirani Mfilipino akaja kugonga ukuta.

Mdomo uliponza kichwa, wanasema. Wangu haukuniponza mimi. Umemponza mtoto. Ndiyo maana hasira hizi hazina pa kukaa. Nikikugeuzia wewe zinarudi, nikizirudisha kwangu hazinitoshi.

Sasa sikiliza utakachofanya. Jumamosi jioni, ukishamaliza kusoma, mpeleke Mghoi hospitali, si dukani, aonwe na daktari wa mifupa. Usimwambie daktari kwamba ameanguka. Mwambie ukweli, ni kurusha, na ni sisi. Yule wa duka la dawa mwambie sindano yake akajidunge mwenyewe. Jumapili mwanangu akae kwenye majani upande wa mashabiki, mkono umefungwa, ale mahindi ya kuchoma kama watoto wengine. Mkifungwa, mfungwe. Mkikosa kwenda fainali Nairobi, Nairobi haitahama. Nimewaambia watu wa huku, na watatu hawasemi nami tangu jana. Mmoja ameniita msaliti wa Mkonge kwenye kikundi. Nimemjibu kwa maneno ambayo sitayaandika, kwa kuwa barua hii imepita mikononi mwa Peris, mtoto wa mchungaji.

Na usiniambie sina moyo wa timu. Nina moyo wa timu kukushinda. Nimebadilisha siku za mapumziko na watu watano ili niitazame Mkonge. Naipenda mpaka nimekuwa mtu mbaya.

Msalimie mama mkwe wangu, mwambie dawa za miguu amebeba Peris, ameze baada ya kula, asizigawie majirani. Msalimie Mwakio shemeji yangu, mwambie Jumapili aizime simu. Asituonyeshe kitu. Tutasikia matokeo jioni kama watu wengine.

Righa nisalimie peke yake, usimsalimie mbele ya watu. Nenda kwao, kaa, ukubali utakachopewa, kisha umwambie kwamba Mama Mghoi anasema amemkosea. Mwambie kosa lake lilikuwa mipira mibaya ya zamu moja, langu lilikuwa kuuchekesha mji mzima kwa jina lake. Akikubali kurusha Jumapili, umwache arushe mpaka mwisho, hata akiwatembeza Mariakani wote mpaka dereva wao. Usisimame kumtoa. Akikataa, usimlaumu, rusha wewe mwenyewe na mgongo wako huo.

Mghoi usimpe salamu zangu, nilimpa Jumatatu zikamshinda kupokea. Nilimuuliza kwa nini siku ya Kibwezi hakumwambia baba yake kwamba mkono unauma. Akakisogeza kikombe kando. Kisha akasema, "Nilikuwa nakuja kumwambia, mama. Nikakusikia kwenye simu ya anko unasema nisitolewe."

Basi siku ile mlinitii nyote wawili, baba na mtoto, nikiwa nimekosea. Sijawahi kutiiwa hivyo tangu unioe. Nakuomba unitii mara moja zaidi. Mtoe.

Ni mimi mkeo,
Mama Mghoi