Shangazi, Ilikuwa Damu Yetu

Nyumba ya kona, nyuma ya karakana ya seremala,
Jumapili, tarehe 9 Machi.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na yale magoti niliyosikia yanakusumbua yamepata nafuu. Anwani yako nimepewa na yule muuguzi wa zahanati, ambaye siku hizi amestaafu. Ameniambia unapika kwenye shule ya bweni, na kwamba watoto wa hapo wanakuogopa mpaka siku wanapoonja chakula chako. Nilicheka peke yangu. Sikuwa nimecheka kwa muda.

Mimi mwili ni mzima. Baba yupo, amezeeka, mkono wa kushikia randa unatetemeka, lakini kila asubuhi anaingia karakana. Mama pia yupo. Najua ukiona barua inatoka nyumba hii huenda ukataka kuichana. Nakuomba uisome kwanza, kisha uichane ukipenda.

Nilisomea maabara. Nafanya kazi hospitalini, kwenye chumba chenye dirisha moja, natoa watu damu na kuipima. Yule mtoto uliyekuwa ukimwita Bibi Maswali sasa analipwa kwa kuuliza.

Mdogo wangu, yule uliyemwita Mkia kwa sababu alikufuata hata chooni, ameoa. Mwaka juzi walipata binti. Alipofika miezi minane viganja na nyayo zake zikavimba, akawa analia ukimgusa tu. Walimleta hospitalini nikamtoa damu mwenyewe. Ukiweka damu chini ya hadubini, chembe zake nyekundu huwa za mviringo. Za yule mtoto nyingi zilikuwa zimejipinda kama mundu. Ni ugonjwa wa selimundu, ambao wengi wanauita sikoseli. Niliinua uso nikamtazama machoni, nikaona ule umanjano. Shangazi, niliujua. Niliuona kwa kaka yetu mkubwa kabla hajafa, nikiwa na miaka mitano, nikauona tena kwa mdogo wetu wa mwisho kabla naye hajafa, nikiwa na tisa.

Ugonjwa huu mtoto anaurithi pande zote mbili. Baba anabeba nusu, mama anabeba nusu, na wao wenyewe ni wazima, hawajui lolote. Nilimpima Mkia na mkewe, wote wanabeba. Kisha nikawaomba Baba na Mama waje kupimwa. Wote wanabeba.

Niliwakalisha sebuleni nikawaeleza taratibu. Baba akauliza, "Kwa hiyo wanangu walizaliwa nao?"

"Walizaliwa nao, Baba. Nusu kwako, nusu kwa Mama."

"Na dada yangu?"

"Shangazi hakuhusika na lolote."

Baba alivua kofia akaiweka magotini, akawa anaitazama kama kitu cha mtu mwingine. Mama hakutikisika. Alisema, "Hiyo karatasi yako inasema ugonjwa ulipitia wapi. Haisemi nani aliutuma."

Zamani nilidhani Mama ni mkaidi. Siku hizi nadhani anaogopa. Akikubali karatasi ile, basi alimtupa nje wifi yake bure, na kilichowaua wanawe kilitoka mwilini mwake. Ni mzigo mzito kumtwisha mtu kwenye kiti cha sebuleni, saa nne ya asubuhi.

Sasa nikuambie jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu. Siku ile yule mtu wa maombi alipoletwa nyumbani kumtafuta anayewaroga watoto, aliniita mbele ya wakubwa akaniuliza kama nimewahi kukuona ukimpa mdogo wetu wa mwisho kitu. Nilisema ndiyo. Nilisema ulitia kitu cheupe kwenye maji, ukakoroga, ukamnywesha kwa kijiko. Ilikuwa sukari na chumvi, kwa sababu mtoto alikuwa anaharisha na muuguzi ndiye aliyekufundisha. Nilijua. Sukari ulinituma mimi kuileta. Lakini hakuniuliza ni kitu gani, na mimi nilipotazama uso wa Mama nikaogopa, nikanyamaza. Haikupita saa moja godoro lako likawa uani. Ukaniambia niingie ndani, jua ni kali.

Nilikuwa mtoto, wengine wataniambia hivyo. Lakini nilijua, Shangazi. Naomba radhi.

Nirudi kwa binti wa Mkia. Daktari alimwandikia dawa ya kunywa kila siku ya kumkinga na maambukizi, na aliendelea vizuri. Alianza kutembea kwa kushikilia viti, na alikuwa na tabia ya kumpa kila mgeni kiatu chake kimoja. Nilipokuwa safarini kwa mafunzo ya wiki tatu, Mama aliwashawishi waiache dawa ile, ya nini kumlisha dawa mtoto asiyeumwa, akawapeleka kwenye maombi. Mkia alikubali. Homa ilipompata walikaa naye siku mbili kabla ya kumleta. Alifariki wodini asubuhi ya Alhamisi, umri wake mwaka mmoja na miezi miwili. Nilirejea siku ya kuzika.

Siku ya tatu ya msiba nilikuwa jikoni naosha vikombe, nikasikia wanawake wakizungumza upande wa pili wa ukuta. Mmoja aliuliza, "Ni nani aliyemtoa damu kwanza?" Mwingine akasema, "Ni yeye. Akasema mtoto ataumwa mara kwa mara, na kweli akaumwa. Alijuaje?" Kisha nikaisikia sauti ya Mama. Hakunitaja. Alisema tu kwamba katika nyumba ile hii si mara ya kwanza.

Nilisimama na kikombe mkononi. Miaka ishirini na sita nilidhani najua tulichokutendea. Sikukijua mpaka pale.

Jioni hiyo Mkia alinifuata uani. Alisema, "Dada, usiniletee tena karatasi zako." Nilimwambia dawa ile ingemsaidia mtoto. Akasema, "Kabla hujampima alikuwa mtoto tu." Akaingia ndani. Tangu siku hiyo hatujasalimiana.

Aliyesimama upande wangu ni Baba. Kesho yake, watu wakiwa bado wamejaa mikekani, aliinuka akasema, "Nilimfukuza dada yangu kwa maneno kama haya, na yalikuwa ya uongo. Binti yangu simfukuzi." Akakaa. Wachache walinipa mkono wakati wa kuondoka, wengi walipita kando. Mama alifungasha nguo zake akahamia kwa Mkia, na huko ndiko aliko.

Kinachoninyima amani sasa ni wifi yangu. Ana mimba ya miezi sita. Nimempelekea ujumbe kwamba mtoto akizaliwa apimwe mapema, huenda akawa mzima kabisa, na kama si mzima dawa ianze kwa wakati. Amejibu kwamba atajifungulia mbali, mahali ambapo mkono wangu hautafika. Nimemwomba mwenzangu wa kazini aende badala yangu. Hakufunguliwa mlango.

Shangazi, sikuandikii ili uje utusaidie. Huna deni lolote kwetu. Nakuandikia kwa sababu Baba anakuja. Jumamosi ya tarehe 22 atapanda basi la alfajiri, na hataki nimsindikize. Nilimwambia huenda usitake kumwona. Alisema atasimama nje ya lango la shule mpaka saa ya basi la kurudi, kisha atarudi zake. Ukitoka, itakuwa ni hisani yako. Usipotoka sitakulaumu, wala yeye hatakulaumu. Ila kama kutakuwa na jua kali, mwombe mlinzi ampe mahali pa kukaa.

Muuguzi anakusalimu sana. Majirani wa zamani karibu wote wamehama. Salamu za Mkia sina, hajui kama nakuandikia. Za Mama pia sina, na sitaki kukutungia.

Mungu akulinde, akupe usingizi mwema, na akulipe kwa kila mtoto uliyembeba mgongoni katika nyumba hii.

Ni mimi nikupendaye,
binti wa kaka yako.